Kutoka Kamari hadi Mkeka: Historia ya Bahati katika Njia ya Fukayosi

Kwa watu wa mwambao, mkeka ni kitu cha heshima. Majani ya mkindu hukatwa, yakachanwa, yakaanikwa na kutiwa rangi. Kisha wanawake hukaa barazani wakasuka ukili, na ukili huo ukashonwa safu kwa safu mpaka ukawa mkeka. Juu yake hulazwa mtoto mchanga, hukaribishwa mgeni, hukalishwa bibi harusi na husomwa hitima. Lakini siku hizi kijana wa Fukayosi akisema kwamba mkeka wake umechanika, mama yake hainuki kwenda kutafuta sindano. Anaelewa kwamba pesa imekwenda.

Mkeka wa kijana huyo ni orodha ya mechi za mpira, mstari chini ya mstari mithili ya ukili kando ya ukili, ambazo amezibashiri matokeo na kuyawekea pesa kwa simu yake ya mkononi. Matokeo yote yakienda kama alivyosema, mkeka umetiki. Likiharibika moja tu, mkeka mzima umechanika. Hapana mwalimu wala baraza la lugha lililokaa likalitunga neno hili. Limezuka vijiweni na likakubalika. Na kama ilivyo ada ya lugha, limesema zaidi ya lilivyokusudiwa kusema, kwani kitu kilichokuwa cha nyumba nzima kimekuwa cha mtu mmoja na simu yake. Historia ya kamari katika pwani hii inaweza kusomwa kwa kuyafuata majina iliyopewa. Kila ilipobadilisha jina ilihama pia mahali pake pa kukaa, na wakabadilika watu walioweza kuiona na kuikemea.

Fukayosi ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, ng'ambo ya Mto Ruvu, katika njia itokayo Bagamoyo mjini kwenda Msata. Msafiri huvuka Ruvu, akapita Makurunge, akafika Fukayosi, kisha akaendelea hadi Kiwangwa kunakosifika kwa mananasi. Ni nchi ya Wakwere, Wazaramo na Wadoe, na wengine wengi waliohamia; nchi ya mihogo, mahindi, ufuta na mikorosho. Tangu zamani ni nchi ya kupitiwa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na maziwa makuu ilivuka mto huo huo na kuingia bara, makumi ya maelfu ya wapagazi kwa mwaka, wakipandisha nguo, shanga na bunduki na kuteremsha pembe za ndovu. Mali ilipita; wenyeji wa kandokando ya njia waliuza chakula, wakatazama.

Biashara ile yenyewe ilikuwa na sura ya kubahatisha. Mfanyabiashara wa pwani alikopa bidhaa kwa matajiri wa Kihindi, akaenda bara miaka miwili au mitatu, asijue kama atarudi na pembe au atarudi na deni, au asirudi kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, ametuachia picha ya jamii ambayo mali iliyopatikana haikukaa sana: ilitoka kwa karamu, kwa ngoma, kwa harusi na kwa matanga. Mtu aliweza kujifilisi kwa ajili ya jina lake. Lakini aliyejifilisi kwa karamu alikuwa amewalisha jirani zake. Mali iliyomtoka iliingia matumboni mwa watu aliowajua.

Jambo hilo ni la kuwekwa akilini, kwa sababu ndilo linalotenganisha kamari ya zamani na ya sasa. Kabla ya kufika huko, yafaa tuyaangalie maneno.

Neno kamari limetoka katika Kiarabu, na lilifika pwani likiwa tayari limebeba hukumu yake. Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-Baqara na ya Al-Maida, inataja maisiri pamoja na ulevi. Maisiri ilikuwa kamari ya Waarabu kabla ya Uislamu: ngamia alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, na mishale iliyotiwa alama ikavutwa ili kujua nani apate fungu na nani alipe gharama. Wafasiri wanaeleza kwamba washindi, kwa kujionyesha ukarimu, aghalabu waliwapa maskini nyama ile. Kwa hiyo ilikuwa kamari yenye sadaka ndani yake. Aya ya Al-Baqara haikanushi kwamba kuna manufaa. Inasema kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Na aya za Al-Maida zinataja madhara yenyewe: uadui na chuki baina ya watu, na kusahauliwa kwa Mungu na sala. Hoja hiyo ya karne ya saba haijazeeka. Hata leo mtetezi wa kamari huanza na manufaa, akataja kodi, ajira na misaada kwa vilabu, na anayempinga hulazimika kuanza pale pale pa mizani ya manufaa na madhara.

Waarabu hao hao walituletea neno kura, na kura si kamari. Kura hupigwa pale ambapo haki za watu zimelingana na hapana njia nyingine ya kujua nani atangulie. Ndugu wanaogawana shamba la urithi hupiga kura ili kila mmoja ajue kipande chake. Hapana anayetoka mikono mitupu. Si ajabu basi kwamba Kiswahili kilipotafuta neno la kumchagulia raia kiongozi, kililichukua hilo hilo. Ama nasibu, maana yake ya asili ni fungu, sehemu aliyoandikiwa mtu. Bahati na nasibu ni maneno ya mtu aliyeridhika na alichokadiriwa. Yalikuja kuunganishwa baadaye, kama tutakavyoona, ili kuuza tiketi.

Wareno nao, waliofika mwaka 1498 na wakaitawala sehemu kubwa ya pwani kwa karibu miaka 200, waliondoka lakini waliacha meza ya mchezo. Karata ni neno lao. Na turufu, na dadu. Rangi za karata ambazo wazee wa Bagamoyo na Unguja huzitaja bila kufikiri, yaani kopa, uru, shupaza na pau, zote ni Kireno kilichovishwa kanzu. Hata picha za wafalme na malkia katika karata zikaitwa wazungu. Wacheza karata wengi hawakuweka pesa. Walicheza kwa utani na kwa kupoteza jioni, kama walivyocheza bao. Lakini palipokuwa na karata palikuwa na njia ya kamari, na palipokuwa na kopa, mara nyingi palifuata kukopa.

Kamari ya kijijini ilipata jina lake la Kiswahili safi: pata potea. Hakuna tangazo lililowahi kuwa la kweli kuliko jina hilo, kwani linamwambia mchezaji mwisho wake kabla hajakaa. Ilichezwa mafichoni, nyuma ya mashamba, chini ya miembe, pembeni mwa magulio, siku za mavuno na siku za mishahara. Haifai kuipamba. Iliwafilisi watu, ilileta ugomvi na visu, na mwanamke aliyengoja pesa ya korosho aliweza kungoja mpaka akalala. Lakini ilikuwa na mipaka yake mitatu. Kwanza, pesa haikutoka kijijini: aliyekula leo alikuwa jirani wa aliyeliwa, na kesho alikutana naye kisimani au msibani. Pili, mchezo ulikuwa na saa yake. Jua lilikuchwa, watu wakatawanyika. Tatu, na hili ndilo kubwa, ilikuwa na aibu. Mcheza kamari alijificha, na kujificha kwake kulikuwa kukiri. Mjomba aliweza kumwita, sheikh aliweza kumsema, na wazazi wa msichana waliweza kumnyima posa. Wahenga waliposema kwamba mchuma janga hula na wa kwao, walimaanisha pia kwamba hao wa kwake, kwa kuwa watakula naye, wana haki ya kumkanya mapema.

Sheria ya kikoloni ilisimama upande huo huo wa aibu, ingawa kwa sababu zake. Kanuni ya Adhabu ambayo Tanganyika iliirithi kwa Waingereza ilimweka mtu anayecheza kamari hadharani katika fungu moja na wazembe na wazururaji. Dola ilimtazama mchezaji kama mtu aliyekimbia kazi.

Hapo dola ya Waingereza ilikuwa imesahau historia yake yenyewe. Mwaka 1567 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitangaza bahati nasibu ya taifa, nayo ikachezeshwa London mwaka 1569. Makusudio yake yalikuwa kupata fedha za kukarabati bandari na kuimarisha ulinzi wa nchi. Bahati nasibu za serikali ziliendelea huko mpaka zikapigwa marufuku mwaka 1826, zikarudi kwa kishindo mwaka 1994. Venice ilifungua nyumba ya kamari ya serikali mwaka 1638, ikaifunga mwaka 1774 baada ya kuona nyumba za wakubwa wake zikiporomoka. Na Monaco, nchi ndogo iliyonusurika ufukara kwa kujenga kasino katika muongo wa 1860, iliweka sharti ambalo linafaa kuandikwa kwa wino wa dhahabu: raia wa Monaco hawaruhusiwi kucheza humo. Mwenye duka alijua anachouza, akawakataza wanawe wasikile.

Kutokana na mifano hiyo unaonekana mwendo mmoja. Dola hukataza kamari ya watu wadogo, kisha siku hazina inapokauka huikumbuka, huibadilisha jina, na huishika yenyewe au huikodisha. Tanzania haikutoka nje ya mwendo huo. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha lililosisitiza jasho na kujitegemea, ilitungwa sheria ya kusimamia bahati nasibu na michezo ya kubashiri. Mwaka 1974, wakati watu wa bara wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Hapo ndipo maneno mawili ya mtu aliyeridhika, bahati na nasibu, yalipochapwa juu ya tiketi. Kwa haki, tiketi ile ilikuwa kitu cha taratibu: mtu alinunua, akaihifadhi kwenye mkoba, akangoja siku ya kuchezeshwa akisikiliza redio. Pesa iliyopotea ilikwenda serikalini, na mchezaji aliweza kujipoza kwamba amelijenga taifa.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyozifuta sheria zile mbili na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Jina likawa jipya kabisa. Kamari haikutajwa tena. Palikuwa na michezo, na neno mchezo halimtishi mtu. Kasino, mashine na maduka ya kubashiri yakapewa leseni. Mashine zile ambazo vijana huziita dubwi zikashuka kutoka mijini hadi vijijini, zikisimama katika vilabu vya pombe na pembeni mwa maduka, zikimeza sarafu za shilingi 200. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Lakini mashine haina macho, na mwenye duka anayelipwa kwa idadi ya sarafu hana haraka ya kuuliza umri. Na hapa lazima msomaji aone kioja cha sheria. Vijana wawili wakicheza pata potea chini ya mwembe wa Fukayosi, ni wazururaji. Wakitumia simu kuweka pesa ile ile juu ya mechi ya Uingereza, ni wateja.

Mpira ndio uliofungua mlango wa mwisho. Mwaka 1923, mjini Liverpool, John Moores na wenzake walianzisha Littlewoods, kampuni iliyowauzia wafanyakazi wa Uingereza fomu za kubashiri matokeo ya mechi kwa njia ya posta. Ilimtajirisha sana, na mwaka 1960 akawa mwenyekiti wa klabu ya Everton. Tarehe 13 Julai 2017 Everton hiyo hiyo, ikiwa na jina la SportPesa kifuani, ilicheza Dar es Salaam na Gor Mahia ya Kenya, iliyodhaminiwa na kampuni hiyo hiyo, ikashinda 2 kwa 1. Wayne Rooney alifunga, na uwanja ukalipuka kwa furaha. Kampuni hiyo iliyoanza Kenya mwaka 2014 ilikuwa pia imewadhamini Simba na Yanga. Mwaka 2022 kampuni nyingine ya kubashiri, M-Bet, ilitia saini na Simba mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 26 kwa miaka 5. Mtoto aliyevaa jezi ya klabu ya baba yake alivaa pia tangazo la kamari, na hapana mjomba aliyemwita.

Fukayosi ilikuwa imeandaliwa bila kujua. Huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 iliingia Tanzania mwaka 2008, na kwa mkulima ilikuwa neema: mwanawe aliyeko Dar es Salaam aliweza kumtumia pesa ya dawa usiku huo huo. Katika muongo uliofuata barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64, ikawekwa lami, na pamoja nayo zikaja bodaboda, umeme na vibanda umiza vya kuonyesha mpira. Vyote hivyo ni maendeleo ya kweli. Lakini mfereji uliochimbwa kuleta maji huweza pia kuyatoa, na mfereji ule ule ulioleta pesa ya mtoto kwa mama uliweza kuipeleka pesa ya mavuno mahali ambapo hapana anayepajua.

Kwa nini mkeka humshinda hata kijana mwerevu, anayezijua timu zote na majeraha ya wachezaji wake? Tuchukue mfano mwepesi wa hesabu. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu, kama sarafu inayorushwa. Mchezo wa haki ungemlipa mshindi shilingi 2,000 kwa kila 1,000 aliyoweka. Kampuni, ili ipate chake, tuseme inalipa 1,900. Anayecheza mechi moja moja kwa siku nyingi atarudishiwa kwa wastani shilingi 950 katika kila 1,000, na hasara ya 50 haimshtui mtu. Lakini akizishona mechi 10 katika mkeka mmoja, nafasi yake ya kushinda ni moja katika 1,024, na zawadi ni takriban 613,000. Kwa wastani sasa harudishiwi hata 600 katika kila 1,000. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo zawadi inavyong'aa, na ndivyo sehemu ya mwenye mchezo inavyonona. Na aliyekosa mechi moja katika 10 hajioni ameshindwa, hujiona amekaribia. Huko kukaribia ndiko kunakomrudisha kesho. Naye hutajiwa kila siku jina la aliyeshinda mamilioni, akasahau usemi wa wazee kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Ulimwengu umeanza kulipa jambo hili jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuweka uraibu wa kamari katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet Public Health lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana uraibu huo au matatizo makubwa ya kamari, na kwamba karibu milioni 450 wameonja angalau dalili moja au madhara fulani. Kwa Afrika Mashariki, uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wakisema wamewahi kucheza. Serikali zikashtuka. Januari 2019, Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubashiri; na aliyepewa kazi ya kulitangaza agizo hilo la Rais alikuwa waziri aitwaye David Bahati. Julai mwaka huo Kenya ilizuia leseni za kampuni 27, na kabla ya mwaka kwisha SportPesa ikafunga shughuli zake huko kwa muda. Mwaka 2025 Kenya ikapata sheria mpya ya kudhibiti kamari, na mwaka huo huo Tanzania ikaizindua upya Bahati Nasibu ya Taifa. Dola imeshika breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mguu wa pili.

Takwimu hizo ni za mataifa. Madhara yenyewe hukaa katika vitu vidogo: mbegu ya mahindi isiyonunuliwa kabla ya mvua za masika, karo ya skuli iliyosogezwa mwezi wa pili, bodaboda ya mkopo inayorudishwa kwa mwenyewe. Kijana aliyepoteza hukopa kwa simu ile ile aliyopotezea, papo kwa papo, na deni likakatwa kabla hajaiona pesa ya kazi inayofuata. Jirani hajui. Mke hajui mpaka siku ya haja. Ile mipaka mitatu ya kamari ya zamani yote imevunjika. Pesa haimwendei jirani. Huvuka Ruvu, ikafika Dar es Salaam, na nyingine ikavuka bahari. Saa haipo, kwa kuwa usiku wa manane pana mechi inachezwa mahali fulani duniani. Na aibu imekwisha, kwa kuwa mchezo umetangazwa redioni, umevaliwa na mashujaa wa mpira na umelipiwa kodi. Mchuma janga bado hula na wa kwao, lakini hao wa kwake hawakupewa nafasi ya kumkanya.

Asidhani mtu kwamba vijana wa njia ya Msata wamezidi wenzao kwa tamaa. Wamezaliwa katika nchi ambayo imefundishwa kungoja. Babu zao walitazama pembe zikipita. Mwaka 2013 ulipotiwa saini mpango wa bandari kubwa ya Bagamoyo, watu walingoja bandari, na ardhi ikauzwa na kununuliwa kwa matumaini. Mwaka 2019 mpango ukasimamishwa. Ng'ambo ya Ruvu, katika iliyokuwa ranchi ya Serikali ya Zanzibar, RAZABA, Wasweden waliahidi shamba kubwa la miwa na wakulima wadogo wa vijiji vya jirani wakatajiwa sehemu yao. Mwaka 2016 mradi ule ukafutwa, na miwa ikaja kupandwa baadaye na kampuni nyingine. Mtu aliyeona neema kubwa zikija na kuondoka bila yeye kuulizwa hashangazi akiamini kwamba utajiri ni jambo la kuangukiwa. Mkeka wa mechi 10 unamwambia maneno ambayo historia ya njia yake imekwisha kumwambia.

Hata hivyo, katika kijiji hicho hicho kuna mchezo mwingine, na wanaoucheza zaidi ni wanawake. Huuita upatu, na wengi huuita mchezo tu. Wanawake 10 hutoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa wiki, wakampa kijumbe, na kila wiki mmoja wao akachukua 100,000. Baada ya wiki 10 kila mtu ameweka 100,000 na kila mtu amepata 100,000. Hapana aliyeongeza senti. Lakini mmoja amenunua mabati, mwingine amelipa skuli, wa tatu amenunua mtaji wa maandazi. Na hakuna kati yao ambaye angeiweka pesa hiyo peke yake bila kuivunjavunja. Nani aanze, nani amalizie? Hapo hupigwa kura. Bahati imo katika upatu, lakini imepewa kazi ndogo inayoiweza, kazi ya kupanga zamu. Kilichobaki chote ni uaminifu, na uaminifu huo unalindwa na aibu, kwani anayekimbia baada ya kupokea atakutana na wenzake kisimani.

Kwa hiyo kijana anapoondoka nyumbani Jumamosi jioni kwenda kibanda umiza, yeye na mama yake huweza wote wawili kusema, bila uongo, kwamba wanakwenda kucheza mchezo. Neno ni moja. Mama anajua majina ya wote tisa anaocheza nao, na anajua ataipokea wiki gani. Mwanawe hamjui anayecheza naye. Wanaofikiria sheria, hotuba za Ijumaa na mafunzo ya skuli watapata pa kuanzia hapo, katika maswali ambayo mtoto yeyote aweza kuyauliza: pesa hii ikinitoka, itamfikia nani, na huyo nitakutana naye wapi?

Mkindu bado huota kandokando ya Ruvu na Wami. Mkeka wake ukichanika hushonwa, maana aliyeusuka yuko jirani na ukili wake haujamalizika. Mkeka wa pili hauna mshonaji. Ukichanika hutupwa, na mwenyewe huanza mwingine usiku ule ule, kwa pesa iliyobaki au kwa pesa ya mtu.